Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kazi za Wanafunzi Zinazosubiri Kuguswa

(Mada iliyotolewa kwa wakuu na walimu wa vyuo vya ufundi vya makanisa katika mkutano wao wa mwaka)



Tumeombwa tuzungumzie ubunifu wa vijana vyuoni mwetu. Tumechagua jambo ambalo kwa baadhi yenu litakuwa geni, nalo ni sanaa shirikishi. Hizi ni kazi ambazo wanafunzi huzitengeneza kwa kuunganisha sanaa, umeme na kompyuta, kisha wakaziweka ukumbini ili watu waziguse, wazikanyage au wazisemeshe, nazo zijibu. Picha ya ukutani hutazamwa tu. Kazi ya namna hii haijaanza mpaka mtu aikaribie.

Tunalijua swali mlilo nalo, maana wengine wametuuliza hata kabla ya kikao: chuo chenye upungufu wa cherehani na paa linalovuja kitafanya nini na michezo ya aina hii? Swali hilo ni la haki na hatutalikwepa. Tunaomba tu mtuvumilie tueleze kwanza kazi hizi zilianzia wapi na zinamfundisha nini kijana anayezitengeneza.

Zilianza na watu

Mwaka 1979, katika Chuo Kikuu cha New York nchini Marekani, ilianzishwa programu ya uzamili ya miaka miwili inayojulikana kwa kifupi kama ITP. Mwanzilishi wake alikuwa mama mmoja mzaliwa wa Kanada, Red Burns, aliyefariki mwaka 2013. Huyu mama hakuwa mhandisi. Kabla ya hapo, katikati ya miaka ya 1970, yeye na wenzake walishiriki katika mradi wa televisheni ya njia mbili kwa ajili ya wazee wa mji wa Reading, jimbo la Pennsylvania. Wazee wale hawakukaa tu kutazama vipindi vilivyoandaliwa na wengine. Waliandaa vyao, wakaonana na kuzungumza kupitia televisheni, na wakawauliza maswali viongozi wa mji wao. Mitambo ilikuwepo, lakini aliyekuwa katikati ya mradi ni mzee aliyetaka kusikilizwa.

Mtazamo huo ndio uliojenga programu ya New York. Hupokea wanafunzi wa fani nyingi: wachoraji, wanamuziki, walimu, wanasheria na wahandisi. Wengi hufika wakiwa hawajawahi kushika waya. Kwa miaka mingi programu hiyo imekuwa na desturi ya kufanya maonyesho mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Desemba na mwezi wa Mei, ambapo watu wa kawaida, watoto wakiwemo, huingia kuzijaribu kazi za wanafunzi.

Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 2006 wanafunzi wa hapo walitengeneza kazi iitwayo Botanicalls. Waliweka kwenye vyungu vya maua vifaa vya kuhisi unyevu wa udongo na kuviunganisha na kompyuta ndogo na mtandao wa simu. Udongo ulipokauka, mmea ulimpigia mtu simu kuomba maji. Mtu naye aliweza kuupigia mmea akaelezwa tabia zake. Baadaye, mwaka 2008, likatoka toleo lililotuma ujumbe kupitia Twitter.

Mtu anaweza kucheka, na kucheka ni ruhusa. Lakini tuitazame vizuri. Waliotengeneza kazi ile hawakutaka mashine imwagilie maua badala ya binadamu. Kuweka bomba linalojifungua lenyewe kungewezekana. Wao walichagua mashine imkumbushe binadamu wajibu wake, kisha imwachie yeye kazi ya kutunza. Hapo tayari kuna somo kwetu sisi tunaopeleka vifaa vijijini: kifaa kinaweza kumwondolea mtu jukumu lake, na kinaweza pia kumsaidia kulibeba. Kijana akijifunza kuona tofauti hiyo akiwa bado chuoni, amejifunza jambo kubwa.

Kunyamaza ni sehemu ya kazi

Mwalimu mmoja wa programu hiyo, Tom Igoe, aliandika mwaka 2012 ushauri kwa wanaotengeneza sanaa shirikishi. Kwa maneno yetu, anasema hivi: andaa jukwaa, kisha nyamaza usikilize. Usimweleze mgeni maana ya kazi yako wala jinsi ya kuishika. Mwache aguse. Mikono yake itakuonyesha kama uliifikiria vizuri.

Kwa mwanafunzi jambo hili ni gumu. Amekesha wiki tatu akifunga nyaya. Mgeni anaingia, anabonyeza mahali pasipotakiwa, anapita bila kuona taa iliyowekwa kwa ajili yake. Mwanafunzi anatamani kuruka na kusema, “Hapana, shika hapa!” Lakini akiruka, hatajua kamwe kwamba kitufe chake kiko juu mno kwa mtoto, au kwamba aliye kwenye kiti cha magurudumu hakifikii, au kwamba maandishi yake hayasomeki na mama aliyeacha miwani nyumbani.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika kazi hizi mgeni ndiye mganga. Anaona kwa dakika moja kasoro ambayo mwenyeji amelala nayo mwezi mzima.

Ndugu zetu, nani kati yetu hajaona pampu ya maji iliyozinduliwa kwa ngoma na vifijo, na baada ya mwaka ikawa kiota cha ndege? Mara nyingi chuma hakikuwa na tatizo. Mpini ulikuwa mrefu kwa watoto wanaotumwa maji, au kituo kiliwekwa mahali ambapo akina mama wanaogopa kupita jioni. Hakuna aliyesimama pembeni akanyamaza na kuangalia. Katika taarifa zetu tunaandika neno “shirikishi” karibu kila ukurasa, lakini ni wachache miongoni mwetu waliofundishwa kushirikisha kama ufundi wenye hatua zake na mazoezi yake.

Injili ya Marko, sura ya 10, inatueleza habari za Bartimayo, kipofu aliyeketi kando ya njia kule Yeriko. Shida yake ilionekana na kila mtu. Hata hivyo Bwana Yesu alianza kwa kumuuliza anataka afanyiwe nini. Kama Yeye aliyejua yote aliuliza, sisi ni nani tusiulize?

Kazi iliyoachiwa wengine

Sasa tuje kwenye gharama, na hapa twende Italia, katika mji mdogo wa Ivrea, nyumbani kwa kiwanda cha taipureta cha Olivetti. Mwaka 2001 kulifunguliwa hapo chuo cha usanifu wa vifaa shirikishi. Wanafunzi walihitaji kompyuta ndogo za kuendesha kazi zao, lakini zilizokuwepo ziligharimu karibu dola 100, na matumizi yake yalikuwa magumu kwa mtu asiye mhandisi. Mwanafunzi kutoka Kolombia, Hernando Barragán, akalishughulikia tatizo hilo katika kazi yake ya uzamili iliyoanza mwaka 2003. Alitengeneza kibao cha elektroniki na programu yake, akaviita Wiring. Mwaka 2005, juu ya msingi huo, kikundi cha walimu na wanafunzi kilitoa kibao cha bei nafuu zaidi, kiitwacho Arduino, jina walilolitoa kwenye baa ya mji ule.

Chuo chenyewe hakikudumu. Kilikuwa kinaelekea kufungwa, na waliohusika na Arduino wakaona kwamba njia ya kuiokoa kazi isifungiwe ndani ni kuiachia. Wakatoa michoro yake yote wazi ili mtu yeyote popote aweze kuitengeneza. Chuo kikafungwa, kibao kikaenea duniani. Leo nakala zake huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya vifaa vya awali. Sisi tunaohangaika na miradi inayokufa mfadhili akiondoka, tuutafakari mfano huo.

Lakini kuna upande mwingine wa habari hii. Kwa miaka mingi jina la Barragán halikutajwa ipasavyo, na mwaka 2016 aliandika mwenyewe kueleza sehemu yake. Kwa hiyo tunapowafundisha vijana kugawana maarifa, tuwafundishe pia kutaja majina ya waliotangulia. Kumnyima mtu sifa ya kazi yake ni sawa na kumnyima ujira wake.

Tuanzie wapi?

Tukisema kompyuta, wengine wenu mtasema hatuna. Basi tuanze bila kompyuta.

Chukueni vipande viwili vya boksi, mvifunike kwa karatasi ya alumini ile ya jikoni. Kila kipande kiungwe waya. Katikati wekeni sponji ya godoro kuukuu iliyotobolewa matundu makubwa, kisha mfunike kwa mkeka. Ungeni nyaya kwenye betri na kengele ndogo. Mtu akikanyaga, sponji inabonyea, alumini mbili zinagusana kupitia matundu, saketi inakamilika na kengele inalia. Huo ni mlango unaomkaribisha mgeni. Fundi umeme anafunga nyaya, mwanafunzi wa ushonaji anashona mkeka, seremala anatengeneza fremu. Fani tatu ambazo mwaka mzima hukutana kwenye foleni ya chakula tu sasa zina kazi moja.

Hatua ya pili ni misumari miwili iliyochomekwa kwenye udongo wa chungu. Udongo wenye maji hupitisha umeme vizuri kuliko udongo mkavu. Kwa transista moja na taa ndogo, wanafunzi wanaweza kuifanya mimea ya bustani ya chuo iombe maji kwa kuwasha taa. Misumari italiwa na kutu mapema kwa sababu ya umeme unaopita, na hilo nalo ni somo la kemia lisilohitaji ubao.

Pale penye kompyuta hata moja tu, kuna kifaa kiitwacho Makey Makey, kilichobuniwa na wanafunzi wawili wa Chuo cha MIT, Jay Silver na Eric Rosenbaum. Mwaka 2012 walichangiwa na umma zaidi ya dola 500,000 ili kukitengeneza kwa wingi. Mtu akishika waya mmoja kwa mkono huu na kugusa ndizi kwa mkono wa pili, umeme mdogo sana usio na madhara hupita mwilini, na kompyuta hudhani kitufe kimebonyezwa. Ndizi zikipangwa mezani zinakuwa kinanda.

Tahadhari moja: kazi zote za mwanzo zitumie betri, si umeme wa ukutani. Mgeni ataguza kila kitu, hata kile ambacho hamkukusudia aguse.

Tusidhani pia kwamba vijana wetu wanaanzia sifuri. Mtoto aliyetengeneza gari la waya na makopo, lenye magurudumu ya kandambili na usukani mrefu wa kuliendesha akiwa amesimama, ni msanifu tayari. Tunachotakiwa kufanya ni kutoukatisha ufundi huo anapofika mlangoni mwa chuo.

Tunachopendekeza

Sasa tulijibu swali la paa linalovuja. Paa lizibwe, na hatuombi senti ya paa. Tunaomba siku moja kila mwisho wa muhula, chumba kimoja, na mabaki ya karakana. Siku hiyo majirani wa chuo waalikwe: watoto, wazee, watu wenye ulemavu, wauza mboga wa pale getini. Kila kikundi kiweke kazi moja ya kuguswa, na masharti yawe manne.

Kwanza, mwanafunzi asieleze kazi yake kwa dakika kumi za mwanzo. Pili, aandike mambo matatu aliyoyaona mikono ya wageni ikifanya. Tatu, airekebishe kazi kutokana na hayo, na mwalimu atoe alama kwa marekebisho kuliko kwa uzuri. Nne, karatasi ya majina iwekwe mbele ya kila kazi, ikimtaja kila aliyesaidia, hata aliyetoa boksi.

Kazi nyingi zitabomolewa jioni ileile. Kitakachobaki ni kijana aliyejifunza kumtazama anayemhudumia. Mwaka ujao kijana huyo atakuwa anamshonea mteja, anajenga choo cha shule au anafunga umeme nyumbani kwa mjane. Akiwa na jicho hilo, wateja watarudi. Akilikosa, cheti chetu hakitamsaidia sana.

Katika kitabu cha Kutoka tunasoma habari za Bezaleli, ambaye Mungu alimjaza roho yake kwa ajili ya kazi za dhahabu, mawe na mbao. Andiko halikuishia kwenye ustadi wa mikono yake, kwani linaongeza kwamba yeye na Oholiabu walipewa pia moyo wa kufundisha wengine. Walimu wetu, kipaji hicho cha pili ndicho kilichowaleta katika kazi hii. Tunawaomba mkirudi vyuoni mjadiliane na wenzenu, mchague tarehe, na mfungue mlango.