Chungwa Moja

Siku moja mimi na mke wangu tulisafiri kwa basi kutoka Mombasa kwenda Nairobi bila kusemezana. Nilikuwa nimempa ndugu yangu fedha za karo ya watoto wetu, mke wangu asijue.

Basi liliposimama Mtito Andei, mama mmoja tusiyemjua alimenya chungwa, akanipa. “Gawana na mwenzako, mwanangu.” Nilipompa mke wangu nusu yake, nikapata neno lililonishinda tangu Mombasa: “Nisamehe.” Akalia, kisha akala.

Waebrania 13:2 yatuagiza tuwakaribishe wageni. Siku ile mgeni ndiye aliyetukaribisha sisi. Ndugu, ikiwa nyumbani mwako kuna kimya leo, usingoje mgeni. Anza wewe. Mungu awabariki. Amina.