Mfupa Unaweza Kusubiri

Ndugu zangu matabibu mliosafiri kutoka vituoni, nimeombwa nizungumzie mivunjiko ya kawaida ya mifupa. Nitazungumzia zahanati, si chumba cha upasuaji. Hatima ya mkono au mguu uliovunjika mara nyingi huamuliwa katika saa chache za mwanzo, na saa hizo mgonjwa hayuko kwetu sisi mabingwa. Yuko kwa tabibu mwenye pamba, bandeji na plasta, na eksirei hana.

Kukosa eksirei kusitutie unyonge. Abraham Colles wa Dublin alieleza mvunjiko wa kifundo cha mkono unaoitwa kwa jina lake mwaka 1814. Röntgen aligundua miale ya eksirei mwaka 1895. Miaka yote hiyo katikati, mama aliyeteleza uani akajikinga kwa kiganja alitambuliwa kwa macho na vidole. Hata kifundo cha mguu cha mtu mzima kina kanuni zake, zilizotungwa Ottawa mwaka 1992: bonyeza ukingo wa nyuma wa mifupa ya mafundo yote mawili, la ndani na la nje, sentimita 6 za mwisho hadi nchani, kisha mwambie atembee hatua nne. Mfupa usipouma na hatua zikawezekana, ni nadra sana kifundo hicho kuwa na mvunjiko wa maana.

Ninalotaka kulikazia ni jingine. Mfupa uliopinda unaweza kusubiri hadi kesho. Nyama iliyokosa damu haiwezi.

Msimu wa maembe hutuletea watoto walioanguka mtini, kiwiko kimevimba, mfupa umekatika juu kidogo ya kiungo. Mbele ya mfupa huo hupita mshipa mkuu wa damu wa mkono, na kando yake neva. Kabla ya kugusa plasta, papasa mapigo kwenye kifundo cha mkono, tazama rangi ya vidole, linganisha joto na mkono wa pili. Neva zipime kwa mchezo, maana mtoto mwenye maumivu hatii amri: asimamishe dole gumba, atanue vidole, kisha akutanishe ncha ya gumba na ya kidole cha shahada kuwa duara. Akishindwa duara, andika. Usikikunje kiwiko kwa nguvu ili kikae vizuri kwenye kitambaa cha kuning'inizia mkono. Kikunjo kikubwa hubana mshipa. Kiache kimekunjwa kidogo tu, weka gango, mpeleke rufaa.

Mwaka 1881 Mjerumani Richard von Volkmann alieleza vidole vinavyojikunja kama kucha za mwewe baada ya bandeji kubana mno. Misuli isiyopata damu huanza kufa kabisa baada ya takriban saa 6. Dalili ya mapema ni maumivu yanayozidi licha ya dawa, na mtoto kupiga kelele ukimnyoosha vidole polepole. Msisubiri mapigo yapotee. Yanaweza kuwepo huku misuli inakufa. Pasua plasta yote, pamba pamoja nayo, hadi ngozi ionekane. Maumivu yasipopungua, anahitaji kupasuliwa utando unaobana misuli, usiku huohuo.

Ndiyo maana uvimbe mbichi haufungwi hogo zima. Plasta ya nusu, bandeji juu yake, vidole wazi. Hogo lingoje uvimbe ushuke.

Wapo wenzangu wanaotaka waunga mifupa wa jadi wapigwe marufuku. Siungi mkono. Wananchi wataendelea kwenda kwao, marufuku au pasipo marufuku, na vijiti vitaendelea kukazwa. Afadhali tukae nao, tuwaonyeshe kidole kilichopauka kina maana gani.

Mvunjiko wenye kidonda sitauchelewesha: antibiotiki ndani ya saa ya kwanza ikiwezekana, sindano ya pepopunda, kitambaa safi, gango, gari.

Na barua ya rufaa, jamani. Napokea karatasi zilizoandikwa “mkono umevunjika, tafadhali msaidieni”. Hilo naliona mwenyewe. Niandikieni saa aliyoanguka, saa mliyofunga plasta, na vidole vilikuwaje kabla na baada ya kufunga.