Jina Lililobaki Daftarini

Hotuba ya majirani kutoka Mnyambe, iliyosomwa katika maadhimisho ya hekalu

 

Tunaishukuru kamati kwa kutualika sisi, wajukuu wa Mnyambe, kijiji cha wilaya ya Newala katika uwanda wa juu wa Makonde, tuseme neno katika sherehe ya nyumba hii ya ibada. Sisi si waumini wa hekalu hili. Miongoni mwetu wapo Waislamu na wapo Wakristo. Lakini tuliombwa tuzungumze juu ya shukrani kwa kizazi kilichoishi wakati wa vita, na katika jambo hilo ukoo wetu na nyumba moja ya waumini wa hapa wana habari moja.

Habari yenyewe inamhusu mwanamke mmoja, mama mzazi wa babu yetu. Alisubiri mara mbili katika maisha yake. Mara ya kwanza alimsubiri kaka yake. Mara ya pili alimsubiri mwanawe.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilifika hadi milangoni mwetu. Mwaka 1916 askari wa Kireno walivuka mto Ruvuma wakaishika Newala, wakafukuzwa kabla mwaka haujaisha. Oktoba 1917 Waingereza na Wajerumani walipigana siku nne huko Mahiwa, bara ya Lindi. Mwezi uliofuata jeshi la von Lettow-Vorbeck lilirudi nyuma kupitia uwanda wetu, likawaacha wagonjwa na majeruhi wake Nambindinga, likapita Newala, na tarehe 25 Novemba likavuka Ruvuma kule Ngomano. Hayo yameandikwa vitabuni. Wazee wetu walitueleza upande mwingine: kwamba kila jeshi lililopita lilikuwa na njaa, na kila jeshi lilitaka mabega ya kubebea mizigo yake.

Kwetu ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Mama huyu alikuwa na kaka mmoja tu. Alichukuliwa kuwa mpagazi, naye hakurudi. Jina lake la utotoni tunalo. Lakini kijana wa kwetu akitoka jandoni huchukua jina jipya, na hilo ndilo analojulikana nalo ukubwani. Jina hilo halikutufikia. Dada yake hakupenda kulitaja, kwa kuwa kila alipolitaja alilia. Nasi tulipopata akili ya kuuliza, wote waliolijua walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Hatuko peke yetu. Mwezi Aprili 2021, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, waliokufa kwa sababu ya vita vile hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa watu wa Afrika Mashariki na Misri. Mjini Dar es Salaam wapagazi wameachiwa jina la mtaa, Kariakoo, ambalo limetokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927, inawakumbuka kwa ujumla wao. Lakini mtu hazaliwi kwa ujumla. Huzaliwa na mama yake, hupewa jina lake, na huliliwa kwa jina hilo.

Tukisema haya hatusahau kwamba hata vijana kutoka India walikufa katika nchi yetu. Walipigana Tanga mwaka 1914, na walikuwapo katika safari ile ndefu ya kusini. Katika makaburi ya vita ya Dar es Salaam lipo jiwe la kumbukumbu lenye majina ya Waingereza na Wahindi zaidi ya 1,500 wasiokuwa na kaburi linalojulikana. Mama zao nao walisubiri, ng'ambo ya bahari.

Vita vya Pili vilipokuja, mtoto wa yule mama, ambaye ndiye babu yetu, aliingia jeshi la Keya. Safari hii wa kwetu ndiye aliyevuka bahari. Alikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoshuka Bonde la Kabaw nchini Burma mwaka 1944, wakati wa mvua za masika ya huko, na kuvuka mto Chindwin mwezi Desemba. Babu hakuwa msemaji sana. Alichosimulia ni matope, malaria, na mizigo iliyobebwa mgongoni pale ambapo gari halikuweza kupita. Na alisimulia usiku mmoja alipokuwa na homa kali, askari wa Kihindi ambaye hakujua lugha yake alipomnywesha maji kutoka chupa yake mwenyewe, akisema neno moja tu: pani. Babu alirudi na neno hilo. Hata uzeeni, akitaka maji, aliwaambia wajukuu, “Leteni pani.” Tulidhani ni mzaha wake. Tulipokuwa wakubwa ndipo tulipofahamu kwamba ilikuwa shukrani.

Wakati huo wote mama yake alikuwa Mnyambe. Wenyeji wa uwanda wetu wanajua maana ya maneno haya. Kabla ya mradi wa maji wa Makonde, ulioanza katika miaka ya 1950, mwanamke aliondoka kabla ya mapambazuko, akateremka genge hadi bondeni, akapanda tena na mtungi kichwani. Alilima muhogo na mtama peke yake. Na nguo zilikuwa adimu, kwa kuwa vita vilikuwa vimezuia bidhaa. Fedha za familia za askari zilipochelewa, alikwenda katika duka la Mhindi mmoja akaomba kaniki kwa mkopo.

Mwenye duka alikuwa babu wa mmoja wa waumini wa hekalu hili. Mwaka huu, wakati wa matayarisho ya maadhimisho haya, mjukuu huyo alifungua sanduku la madaftari ya zamani yaliyoandikwa kwa Kigujarati. Alipoona neno Mnyambe alituita, akatusomea mstari mmoja polepole, akiuweka kidole chini yake. Lilikuwapo jina la mama wa babu yetu, jina lake kamili. Lilifuatwa na jina la kijiji chake, kisha idadi: kaniki mbili. Na pembeni yaliandikwa maneno mawili ambayo mjukuu aliyafasiri hivi: mwana vitani. Mstari ule umekatwa kwa wino mwingine. Babu alirudi, akaenda dukani na fedha zake za kuachishwa jeshi, akalipa. Dawa ya deni ni kulipa, naye alilipa.

Ndugu zetu, hatukuja hapa kusema kwamba kila duka lilikuwa na huruma, wala kwamba kila mteja alikuwa mwaminifu. Wazee wa pande zote mbili walikuwa na malalamiko yao juu ya mizani na juu ya madeni, na mengine yalikuwa ya haki. Tunasema jambo dogo zaidi. Serikali mbili zilimchukua kaka wa mama huyu na mwanawe kwa kazi ya vita, na sisi wajukuu hatuna karatasi yoyote ya serikali yenye jina lake. Karatasi pekee tuliyoiona yenye jina lake ni ya mwenye duka aliyemwamini kwa kaniki mbili, na aliyeona inafaa kuandika kwa nini alimwamini.

Deni la kaniki limekwisha. Deni la jina lile bado, na leo tumekuja kulikiri mbele yenu.

Mmetueleza kwamba katika siku za shraddha huwamiminia wazee wenu maji mkiwataja kwa majina, baba, babu, na baba wa babu. Wazee wetu nao waliweka unga chini ya mti wakiwataja waliotangulia. Siku hizi wengine wetu husoma hitima, na wengine huwaombea kanisani. Njia ni mbalimbali, lakini zote zinahitaji kwanza kujua jina la kutaja. Asiyelijua jina humimina maji yake wapi?

Kwa hiyo tunaleta ombi. Kizazi cha vita vya kwanza hakipo tena, na cha vita vya pili kimekaribia kwisha chote. Lakini bado wapo wazee waliowapokea wakimbizi waliovuka Ruvuma vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, wakagawana nao muhogo na maji. Twendeni tukawaulize wangali hai. Na nyinyi wenye masanduku ya madaftari ya Kigujarati, msiyatupe kwa kudhani kwamba ni hesabu za maduka yaliyofungwa. Huenda humo yamo majina ya bibi zetu. Tunaiomba kamati iweke hapa hekaluni daftari moja jipya, ambamo kila familia, ya muumini au ya jirani, itaandika majina ya watu wake wa wakati wa vita: waliokwenda, waliorudi, wasiorudi, na waliowasubiri.

Sisi wa Mnyambe tutaandika ukurasa wetu leo kabla ya kuondoka. Tutaliandika jina la mama wa babu yetu kama lilivyosomwa katika daftari la duka, na chini yake jina la mwanawe. Kisha tutaliandika jina la utotoni la kaka yake, na mbele yake tutaacha nafasi.

Asanteni kwa kulihifadhi lile daftari.