Sanduku la Umeme: Halina Moshi, Lakini Lina Hatari



Leo tunazungumzia masanduku ya umeme, yaani betri kubwa za kubebeka zinazotumika badala ya jenereta. Hayana kelele wala moshi, ndiyo maana ni rahisi kuyazoea. Lakini umeme wa soketi zake ni wa volti 230, sawa na wa TANESCO, na unaweza kuua.

Kwanza, someni namba mbili zilizoandikwa juu yake. Wati ni mzigo linaoweza kubeba kwa wakati mmoja. Wati-saa ni akiba iliyomo. Sanduku la wati-saa 1,000 huwasha taa tano za wati 10 kwa takribani saa 17, kwa sababu umeme kiasi hupotea njiani. Pasi ya wati 1,000 humaliza akiba hiyo hiyo kabla ya saa moja.

Pili, liwekwe pakavu, penye kivuli na hewa. Msilifunike kwa kitambaa, wala msiliache ndani ya gari juani. Betri ya lithiamu ikipata joto kali au ikitobolewa inaweza kuwaka moto. Likivimba au kutoa harufu, acheni kulitumia, watu wakae mbali. Fundi redio asilifungue.

Tatu, msiliunganishe na nyaya za jengo kwa waya wenye plagi pande zote mbili. Umeme unaweza kurudi kwenye laini ya nje na kumuua fundi aliye juu ya nguzo akiamini laini imezimwa. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni.

Nne, nani anashika ufunguo? Sanduku la zahanati likiazimwa Jumapili kwa ajili ya spika za kwaya, usiku mama atajifungua kwa mwanga wa tochi. Hatusemi kwaya isiimbe. Tunaomba kila kamati iteue msimamizi mmoja mwenye daftari, na la zahanati lisitoke zahanati.

Nanyi wafadhili wetu, mkitoa sanduku, toeni pamoja nalo siku moja ya mafunzo na maelekezo ya Kiswahili ya kubandikwa ukutani. Gharama yake ni ndogo, na ndiyo itakayolinda zawadi yenu na watu wetu.