Utabiri wa mvua si ahadi



Ukifika Tunduma mwezi wa Oktoba utalisikia swali moja sokoni, stendi na kwenye maghala ya mahindi: "Mvua ya mwaka huu itakuwaje?" Mkulima wa Mbozi anauliza kwa sababu anataka kununua mbegu. Mfanyabiashara anauliza kwa sababu ana magunia ghalani, na hajui ayauze sasa au angoje mpaka Februari. Nawe uliyeko Dar es Salaam, swali hilo ni lako pia, maana ndani ya jibu lake imo bei ya unga utakaoununua mwakani.

Mkoa wa Songwe hauna vuli na masika. Una msimu mmoja tu wa mvua, Novemba hadi Aprili. Huo ukiharibika, hakuna mwingine wa kufidia. Ndiyo sababu Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kabla ya msimu kuanza, na ndiyo sababu hawakosekani watu ambao baadaye hulalamika kwamba walidanganywa. Je, ni kweli walidanganywa?

Tuchukue mvua za miaka 30 iliyopita, tuipange miaka hiyo kuanzia wenye mvua nyingi hadi wenye mvua chache. Kumi ya kwanza tuiite juu ya wastani, kumi ya kati wastani, na kumi ya mwisho chini ya wastani. Mtu asiyejua lolote angesema kila fungu lina nafasi moja kati ya tatu. Kazi ya mtabiri ni kutazama joto la bahari na mwendo wa pepo, kisha aseme safari hii mizani imeelemea wapi. Tuseme anatangaza kwamba nafasi ya mvua za juu ya wastani ni asilimia 45. Hakusema kwamba mvua kubwa itanyesha. Amesema pia kwamba kuna asilimia 55 ya kutoipata mvua ya namna hiyo. Lakini habari ikitoka ofisini kwake, ikapita kwetu sisi watu wa redio na magazeti, hufika kijijini ikiwa imebaki maneno mawili: mvua kubwa. Hapo mwongo ni nani?

Jambo la pili ni mahali tulipo. Neno El Niño limezoeleka kwetu tangu mafuriko ya 1997 na 1998. Maana yake ni kwamba maji ya Bahari ya Pasifiki, kuelekea pwani ya Peru, yamepata joto kuliko kawaida. Hali hiyo mara nyingi huleta mvua nyingi Kenya na kaskazini mwa Tanzania, na papo hapo huleta ukame Zambia, Zimbabwe na nchi nyingine za kusini mwa Afrika. Sasa Tunduma iko upande gani? Iko mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine nje. Dalili inayosema kwa sauti kaskazini na kusini, kwetu hunong'ona tu.

Tuliyaona hayo msimu wa 2023 na 2024. Desemba 2023 maporomoko ya tope yaliua watu Katesh, wilayani Hanang. Februari 2024, Rais Hakainde Hichilema wa Zambia alitangaza kwamba ukame ni janga la taifa lake. Mwaka huo huo Tanzania ikakubali kuiuzia Zambia mahindi tani 650,000. El Niño ilikuwa ile ile moja: huku gharika, kule njaa. Mfanyabiashara wa Tunduma ambaye angedhani jina hilo ni mvua kila mahali, akauza akiba yake mapema, angelikosa soko lililokuwa hatua chache tu kutoka mlangoni kwake.

Jambo la tatu, jumla ya mvua si kila kitu. Mkulima wa bondeni Momba hupata mvua siku mbili mwezi Novemba, akapanda mbegu ya dukani aliyoinunua kwa mkopo. Kisha jua likawaka wiki tatu. Mbegu imekwisha. Mvua ikirudi Desemba ikajaza mito, hesabu ya mwisho itaandikwa wastani. Tumbo la watoto wake halitasoma hesabu hiyo.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, usiulize tu kama mvua itakuwa nyingi. Uliza itaanza lini, itakatika kwa siku ngapi, na itakwisha lini. Mkulima asipande shamba lote siku moja, na sehemu yake aiwekee mbegu ya muda mfupi. Aufuate utabiri wa siku kumi, maana ule wa karibu huona vizuri kuliko ule wa mbali. Bwana shamba naye aufikishe kijijini kabla siku hizo kumi hazijapita. Nasi watangazaji tusome tarakimu zote, tusichague ile inayopendeza.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema kwamba mawingu ndiyo mvua.