Kuuza Mali kwa Bahati Nasibu: Sheria Yasemaje?

(Hotuba ya karani wa chama mbele ya mkutano mkuu wa mwaka)



Kamati imetutaka tuseme machache juu ya jambo lililofika ofisini mwetu mwaka huu, ambalo lafaa kila mwanachama alielewe. Ni habari ya mtu kuchukua mali yake mwenyewe, kama vile baiskeli, ng'ombe au kiwanja, akauza tiketi kwa watu wengi, kisha kura ikapigwa, mtu mmoja akaipata ile mali, na mwenyewe akabaki na fedha zote.

Tuanze na kisa. Mwanachama mmoja, ambaye hatutamtaja jina, alitujia na pikipiki yake. Mwanawe alikuwa ameitwa shule ya sekondari, na karo haikuwapo. Akatuambia, "Bwana Karani, nikiiuza hii nitapata shilingi 70,000. Lakini nikiuza tiketi 500 kwa shilingi 200 kila moja, nitapata shilingi 100,000. Nipigieni tu muhuri wa chama ili watu waamini."

Hesabu yake ilikuwa sawa, na shida yake ilikuwa ya kweli. Hatuoni haya kukiri kwamba kwa huruma tulikuwa tumekwisha kuutoa muhuri sandukuni. Ndipo mzee mmoja wa kamati, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, akamwuliza, "Mwanangu, wakinunua watu 100 tu, hiyo pikipiki utaitoa?" Yule bwana akanyamaza. Mzee akaendelea, "Na wale 499 watakaokosa, wakinung'unika kwamba kura haikuwa ya haki, watamfuata nani? Si mwenye muhuri?" Tukaurudisha muhuri mahali pake, tukaenda kuuliza sheria.

Tulilojifunza ni hili. Machoni pa sheria, bahati nasibu ina mambo matatu: watu wanalipa fedha, kuna zawadi, na mpataji anachaguliwa kwa bahati tu. Matatu hayo yakikutana, ni bahati nasibu, hata ukiiita mchango, au mchezo, au urafiki. Jina haligeuzi kitu.

Nchini Kenya, sheria ya mwaka 1966 juu ya kamari na bahati nasibu ilisema wazi kwamba kila bahati nasibu ni haramu, isipokuwa ile iliyoruhusiwa na sheria hiyo yenyewe. Ikaweka bodi ya kutoa leseni na kusimamia michezo hiyo. Mwaka 2025 ikatungwa sheria mpya iliyochukua mahali pa ile ya zamani, na mamlaka mpya ya kusimamia kamari ikaundwa. Sheria imebadilika, lakini msingi wake haukubadilika: mtu hawezi kujiamulia tu kuwauzia watu bahati. Ni lazima kwanza awe na ruhusa, na asiye nayo hutenda kosa la jinai. Tena watoto wasiotimiza miaka 18 wasiuziwe.

Huenda mmoja wenu akasema, "Mbona pikipiki ni yangu, nami nina haki ya kuitoa nipendavyo?" Ni kweli, mali ni yako. Lakini katika kazi hii huuzi pikipiki. Wanunuzi 500 wanalipa, na 499 wanarudi nyumbani mikono mitupu. Wanachonunua ni tumaini, na tumaini hilo ndilo serikali inalolilinda, kwa sababu ni rahisi mno kumdanganya mtu aliye nalo. Mwenye tiketi hawezi kujua zimeuzwa ngapi, wala kama jina lake liliingia chunguni.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Huko Uingereza, sheria ya kamari ya mwaka 2005 haimruhusu mtu binafsi kuendesha bahati nasibu kwa faida yake mwenyewe. Vyama vya hisani vyaweza, kwa masharti, kwa kuwa fedha zao zaenda kwenye kazi ya chama. Wenyeji wa huko wanaotaka kutoa nyumba zao kwa tiketi wamejaribu kuweka swali la kujibiwa, ili iwe shindano la akili. Lakini swali jepesi ambalo kila mtu analijua halisaidii kitu. Bahati inabaki kuwa bahati. Kwa hiyo mtu asije akawaambia kwamba kuuliza jina la mji mkuu wa Kenya kunatosha kuihalalisha tiketi yake.

Yako pia mambo ya mali yenyewe. Pikipiki au gari lililonunuliwa kwa mkopo ambao haujaisha si lako kamili. Mkopeshaji ana haki juu yake, na atakayelishinda ataweza kunyang'anywa. Shamba ndilo gumu zaidi. Kwa sheria ya mwaka 1967, kuhamisha ardhi ya kilimo bila idhini ya bodi ya ardhi ni bure, hakuna kilichopita. Na tangu sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013, mume hawezi kuitoa nyumba au shamba la ndoa bila ridhaa ya mkewe, wala mke bila ya mumewe. Hebu fikirini fedha zimeliwa, mshindi ameshangiliwa, na mama wa nyumba anasema, "Mimi sikukubali." Hapo ndipo kesi zinapozaliwa, na ndugu kuacha kusalimiana.

Basi mwenye shida afanye nini? Auze mali yake kwa bei moja, kwa mtu mmoja, kwa maandishi na mashahidi wawili, na hati za umiliki zihamishwe. Akitaka bei nzuri, ofisi yetu itampokelea bei za wanachama wote, na atakayetoa nyingi ataichukua. Hapo hakuna bahati, kwa maana kila atoaye fedha anapata kitu. Ikiwa bado hazitoshi, aje aombe msaada waziwazi. Kuomba si aibu, na mchango wa hiari haumdanganyi mtu. Na chama kikitaka siku moja kufanya bahati nasibu kwa ajili ya kazi yake, kamati itatafuta leseni kwanza, kabla tiketi hazijapelekwa kwa mpiga chapa.

Yule bwana aliuza pikipiki kwa mwanachama mwenzake kwa shilingi 72,000, risiti ikaandikwa mezani petu. Zilizopungua zilichangwa na wanachama Jumapili iliyofuata. Mtoto yuko shuleni.

Twaomba jambo moja tu liandikwe katika kumbukumbu za mkutano huu: muhuri wa chama usipigwe kamwe kwenye tiketi ya mali ya mtu binafsi. Muhuri huo ni jina letu sote, nao haukununuliwa kwa bahati.