Somo la Afya: Nafuu si Kupona

Leo tutazungumza juu ya watu wazima wenye ugonjwa wa kuvimba matumbo, na msaada wanaoupata kwa mwuguzi. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni neno hili: NAFUU.

Katika ugonjwa huu utumbo huvimba na kufanya vidonda kwa ndani. Ziko namna mbili kubwa. Moja hushika utumbo mpana tu. Nyingine huweza kushika mahali po pote, tangu kinywa hata njia ya haja kubwa. Hiyo huitwa ugonjwa wa Crohn, kwa jina la daktari wa New York aliyeandika habari zake pamoja na wenzake mwaka 1932. Mgonjwa huhara, pengine damu, huumwa tumbo na kukonda. Ugonjwa huu hauambukizi. Dawa huutuliza, lakini haziuondoi kabisa.

Sasa tumfikirie fundi cherehani mmoja. Anahara damu, naye anaona haya kusema. Mwuguzi anamketisha faraghani, anamwuliza kwa heshima: “Baba, kwa siku unakwenda choo mara ngapi? Usiku je? Umeona damu?” Fundi anaeleza yote. Wahenga walisema: mficha maradhi kifo humwumbua.

Baada ya miezi miwili fundi hana maumivu. Anataka kuacha dawa. Mwuguzi anamwambia, “Nafuu si kupona. Ukiacha, ugonjwa utaweza kuamka.” Tena anamwonya: aliyemeza prednisoloni kwa majuma mengi asiiache ghafula, maana mwili hudhurika. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa agizo la daktari. Wala asijinunulie dukani dawa ya maumivu kama diklofenaki. Yaweza kuuamsha ugonjwa.

Huko Uingereza hospitali nyingi zina wauguzi wa ugonjwa huu hasa. Mgonjwa akiona dalili zinarudi, huwapigia simu, hangoji mpaka azidiwe. Basi nawe umwulize mwuguzi wako: “Hali ikibadilika, nimwambie nani, na kwa njia gani?” Liandike jibu lake.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini fundi alitaka kuacha dawa?
2. Mwuguzi alimwonya juu ya dawa zipi?

Andikeni mara tatu: Nafuu si kupona.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.